Maziwa Niliyomwaga Rujewa

Mwanangu alikuwa na miezi minne nilipomwacha kwa mama yangu Igowole, Mufindi, nikashuka Rujewa kwenda kuwauliza wanawake wengine wananyonyeshaje. Nikilisimulia hili leo watu hucheka, nami hucheka nao. Wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Nilikuwa na stashahada ya uuguzi na sikuwa na ajira. Tulipanga Mbeya, mimi na mume wangu, yeye akifundisha shule ya binafsi ambayo mshahara wake ulitoka mwezi huu ukaruka mwezi ujao. Rafiki niliyesoma naye ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba kuna mradi unatafuta wadodosaji, watu wa kupita nyumba kwa nyumba wilayani Mbarali wakiuliza maswali kuhusu huduma anazopata mama baada ya kujifungua. Ilikuwa kazi ya msimu mmoja, lakini ya uhakika.

"Ila hawataki mtu mwenye kichanga," akasema. "Wako si ameshakua?"

"Ameshakua," nikajibu. Alikuwa kifuani kwangu ananyonya, mkono wake mmoja umeshika kola ya blauzi yangu.

Mume wangu hakunizuia wala hakunituma. Alisema, "Wewe ndiye mama, wewe ndiye unajua," maneno yaliyonikasirisha kwa sababu sikuwa najua. Tulipanda basi mpaka Mafinga, tukabadilisha gari la Igowole. Ilikuwa baridi ile ya katikati ya mwaka, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai mpaka karibu na mchana. Mama yangu alimpokea mjukuu wake mlangoni, akamwingiza jikoni kwenye moto, na mimi nikaanza kumweleza habari za kuchemsha chupa na kupima maziwa ya kopo.

"Mwanangu," akanikatiza, "na wewe nilikuacha kwa bibi yako nikaenda kuchuma chai. Mbona upo?"

Nilinyonyesha mara ya mwisho nimeketi kwenye kigoda, nikimwangalia mtoto anavyopambana na usingizi, kisha nikatoka bila kumuaga kwa sababu nilijua nikimuaga sitaondoka.

Rujewa, mji wa Mbarali tuliopangiwa, ni dunia nyingine. Joto lilikuwa la tambarare, mashine za kukoboa mpunga zilinguruma kutwa, na pumba zilipeperuka hadi kwenye vitanda vya gesti tuliyofikia. Mwili wangu haukuwa na taarifa kwamba mtoto amebaki Mufindi. Maziwa yalikuja kwa saa zake, asubuhi, adhuhuri, jioni, na yasipotoka kifua kilikuwa kigumu kama jiwe. Sikutaka yakauke, maana nilipanga kwenda Igowole kila mwisho wa juma. Basi nikawa nakamua. Gesti haikuwa na friji, na hata ingekuwa nayo, ningeyatuma vipi? Nilikamua kwenye sinki la kunawia, nikafungua bomba, maziwa yakazunguka kidogo kwenye tundu kisha yakapotea. Mdodosaji mwenzangu wa chumba cha pili alidhani nafua. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu mradi haukujua kwamba nina mtoto wa kunyonya.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Tulipewa kishikwambi chenye maswali, tukapewa na majina ya wanawake waliokuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito na ambao kwa hesabu walikuwa wameshajifungua. Kwenye mafunzo tulifundishwa kutokunja uso, kutosifia na kutoshauri. Ukishauri, tulielezwa, unabadilisha majibu ya kesho. Kwa hiyo mama akisema amempa mtoto maji mapema, unabonyeza na kuendelea. Nakumbuka mmoja pale karibu na mfereji, alikuwa ametoka jarubani na matope miguuni, aliniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Nilimpa uji, dada. Kilimo kilinibana." Nilitamani kumwambia kwamba wa kwangu pia, tangu kopo la maziwa lilipokwisha, alikuwa anapewa uji na maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Sikumwambia. Nilibonyeza, nikamuuliza swali linalofuata.

Mwanamke ninayetaka kumweleza hapa aliishi kwenye boma la wafugaji, nje ya mji, upande wa mbugani. Familia yao ilihamia bonde hili la Usangu kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, miaka mingi kabla yeye hajaolewa. Siku ile niliongozana na mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo ambaye alizijua nyumba zote. Alikuwa ametoka kwenye msiba wa ndugu yake Igawa, na hakuwa amepita boma lile kwa muda.

Tulimkuta mama mkwe wa mwanamke huyo anapepeta mpunga. Mkamwana wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, amevaa sweta zito jua likiwaka. Muuguzi yeyote angejiuliza kuhusu sweta lile. Mimi nilikuwa nawasha kishikwambi.

"Hongera kwa kujifungua, mama," nikasema, nikitabasamu jinsi tulivyofundishwa.

Ungo ukasimama. Yule mwanamke aliangalia miguu yake.

"Mtoto alishaenda," akajibu mama mkwe. "Siku ile ile aliyozaliwa."

Mhudumu wa afya alijiziba mdomo kwa kiganja. Akaanza kuomba msamaha kwa Kisukuma chake cha kujifunza, na mimi nikasema pole, pole sana mama, na nilipokosa neno jingine nikatazama kishikwambi kana kwamba ndicho kitakachoniokoa. Kilikuwa kinauliza kama mtoto yu hai. Nikabonyeza hapana. Maswali yote yaliyobaki yakafutika, pakatokea maandishi: Mwisho wa mahojiano. Mshukuru mshiriki.

"Asante kwa muda wako," nikamwambia. Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri, saa ya mwanangu. Nilihisi ile michomo kifuani, kama sindano nyingi ndogo, na kabla sijakunja mikono tayari blauzi ilikuwa imelowa. Nilikuwa nimevaa ya bluu hafifu. Madoa yalitanuka pande zote mbili na hapakuwa na pa kujificha.

Mwanamke aliinua macho. Ndiyo mara ya kwanza kuniangalia.

"Dada, maziwa yako inamwagika," akasema.

"Ndiyo."

"Wako yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake. Igowole, huko Mufindi."

"Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Sasa anakunywa nini?"

Ningeweza kumdanganya, kama nilivyoudanganya mradi. "Maziwa ya ng'ombe," nikasema. "Na uji."

Hakunilaumu. Labda ningepumua vizuri zaidi kama angenilaumu. Alitazama zizi, ng'ombe walikuwa wametoka na samadi yao inakauka juani, kisha akafungua vifungo vya sweta, akaanza kufungua kanga aliyokuwa amejikaza nayo kifuani mizunguko kadhaa.

"Ya kwangu nayo haijui kama mtoto hayupo," akasema. "Nifanyeje?"

Nilipiga magoti kwenye mkeka. Matiti yote mawili yalikuwa yamejaa mpaka ngozi inang'aa, na la kushoto lilikuwa jekundu, la moto, na uvimbe ubavuni ambao niliugusa kidogo tu akauma midomo. Paji la uso liliwaka. Siku zote zile, tangu alipotoka zahanati mikono mitupu, hakuna aliyemwambia kwamba maziwa yatakuja hata hivyo. Walimwambia apumzike, akishaona damu imekata arudi kwa uzazi wa mpango. Homa ilipoanza, nyumbani walimnunulia vidonge dukani.

Nilikuwa nimekatazwa kushauri. Nikawaza hilo, na sijivunii kwamba nililiwaza. Nikajiambia kwamba kishikwambi chenyewe kimesema mahojiano yamekwisha, kwa hiyo hakuna jibu nitakaloliharibu. Nikamwambia asijifunge tena kwa kukaza, akamue kidogo tu, pale maumivu yanapozidi, asitoe yote. Akajaribu. Maziwa yalitoka kwa shida, yakadondoka mavumbini, na kuku wakaja kuangalia.

"Akikamua yatazidi," mama mkwe akasema.

"Kidogo tu, mama. Ya kupunguza maumivu. Lakini hili la kushoto limefanya jipu, ni la hospitali."

"Mimi walinifia wawili. Nikajifunga hivi hivi, nikapona. Hakuna aliyekuja na kompyuta kuniuliza."

Alisema bila hasira, na akarudi kwenye ungo wake. Nilijua ananieleza alichonacho. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa mkamwana wake zaidi ya kile alichopewa yeye, yaani kanga na kunyamaza.

Nikampigia kiongozi wa timu yetu. Alikuwa kijana msomi, mpole, hajaoa, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo hatumhitaji," akasema. Kisha akajishtukia. "Samahani, nimesema vibaya. Nina maana hayumo kwenye vigezo, tunachukua wenye watoto hai. Mwelekeze hospitali, wewe nenda nyumba inayofuata."

"Ana homa kali. Hawezi kupanda bodaboda kwenye njia hii."

"Gari liko Igawa na wenzako."

"Basi lirudi," nikasema. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nakaribia kulia na niliogopa atasikia. Akasema atampigia dereva.

Tulingoja. Mume wa yule mwanamke alikuwa malishoni mbali na simu yake haikupatikana, na mama mkwe hakutaka mkamwana aondoke bila mume kujua. Mhudumu wa afya ndiye aliyeongea naye, wawili tu, kando ya zizi. Sikusikia walichosema. Gari lilipofika, mama mkwe alikuwa ameshabadilisha kitenge na ameshika kifurushi. "Twende wote," akasema.

Hospitalini Rujewa walimpokea haraka, siwezi kulalamika. Tabibu aliangalia mara moja, akasema jipu litapasuliwa, ataanzishiwa dawa. Lakini kwa kuwa alikuwa mzazi, walimpeleka wodi ya wazazi. Nilimsindikiza mpaka kitandani. Kulia kwake palikuwa na mama na kichanga, kushoto vilevile, na mbele yetu bibi mmoja alikuwa anamtembeza mjukuu anayelia. Mtoto yule alilia kile kilio kikavu cha njaa. Niliona mkono wa mwanamke unapanda kifuani, unabana, na wakati huohuo nikahisi wa kwangu umeshafika pale pale. Tuliangaliana. Alianza kulia bila sauti, machozi yanashuka tu, na mimi, ambaye wa kwangu alikuwa hai, ameshiba uji jikoni kwa bibi yake, nililia naye na nikaona aibu kulia.

Nikamtafuta muuguzi wa zamu, nikamwomba amhamishe. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema ni muuguzi mwenzake, nimesomea. Aliangalia blauzi yangu, akaangalia kitanda kile, akasema, "Jamani, hakuna aliyefikiria." Wakamhamishia wodi ya wanawake wa kawaida, karibu na dirisha. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo ninaweza kulikumbuka bila kuinamisha kichwa.

Mwisho wa juma nilipanda kwenda Igowole. Njiani nilikuwa nikimwomba Mungu radhi, kwa sababu tangu hospitalini kuna wazo lililokuwa linanirudia kila basi liliposimama: afadhali si mimi. Nilimhurumia yule mwanamke kweli, na chini ya huruma ile kulikuwa na furaha ya kwamba mimi ninaye wa kwenda kumnyonyesha. Nilifika nimejaa, sikuwa nimekamua tangu alfajiri kwa makusudi, ili mwanangu ayapate yote.

Hakuyataka. Nilimweka kifuani akageuza shingo. Nikajaribu upande wa pili, akakunja mgongo, akalia, akanyoosha mikono kwa bibi yake. Nikamshika kichwa nikamsogeza tena.

"Usimlazimishe," mama yangu akasema. "Ameshazoea chupa. Mtoto hana kinyongo, amezoea tu."

"Nilikuwa nayatunza kwa ajili yake."

"Najua."

Akamchukua. Mtoto alinyamaza mara moja, akanitazama kutoka begani kwa bibi yake kwa udadisi, kama anavyotazamwa mgeni mwenye kofia nzuri. Nilitoka nje nyuma ya jiko, nikakamua kwenye majani yaliyolowa ukungu. Wakati nakamua nikagundua kitu ambacho sikumwambia mama wala mume wangu: pamoja na uchungu wote ule, nilikuwa nimepata ahueni. Sasa naweza kuacha. Hakuna tena sinki, hakuna blauzi ya kubadilisha porini. Na hapohapo nikajichukia kwa kupata ahueni.

Maziwa yalikauka taratibu. Nilifanya kama nilivyomwelekeza yule mwanamke, kidogo tu, mpaka mwili ukaelewa.

Utafiti uliendelea mpaka mpunga ukavunwa wote. Baadaye wadodosaji tuliitwa Mbeya, kwenye ukumbi wa hoteli, kusikiliza matokeo ya awali. Kulikuwa na chai na sambusa, na michoro yenye rangi ukutani. Wakaeleza ni wanawake gani walirudi kliniki baada ya kujifungua na ni wapi hawakurudi, na kwa nini. Ilikuwa kazi nzuri, sisemi vinginevyo. Nilisubiri waseme chochote kuhusu waliotoka zahanati bila mtoto. Hawakusema, kwa sababu hawakuwemo. Tuliwatoa wenyewe, kwa vidole vyetu, na kila mmoja tulimshukuru.

Nikanyoosha mkono. Nilieleza, bila kutaja boma, habari ya mama ambaye maziwa yake yalifanya jipu kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza. Nikataka niseme pia kwamba niliudanganya mradi kuhusu mtoto wangu, lakini lile nikalimeza. Watu waliitikia kwa vichwa. Dada mmoja wa meza ya nyuma alifuta macho. Mtafiti mkuu aliandika kitu, akasema ni jambo la msingi, watalifikiria kwa utafiti ujao. Kisha tukaenda kula.

Nilirudi Rujewa mara moja tu baada ya hapo, kwa nauli yangu, bila kishikwambi. Sikuwa na la kufanya huko zaidi ya kutaka kumwona. Nilimkuta amenenepa kidogo, amejifunga kanga kiunoni, anachambua mchele uwanjani pamoja na mama mkwe wake. Kovu lilikuwa limefunga vizuri, alinionyesha bila kuombwa. Alinikaribisha maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikanywa. Aliniuliza kuhusu mwanangu, nikamwambia nimeshamrudisha Mbeya, ameanza kukaa mwenyewe, ila akiumia bado anamlilia bibi yake.

"Atakuzoea," akasema.

Yeye hakutaja wa kwake na mimi sikujua kama ni heshima kuuliza au kutouliza. Tuliongea habari za mvua, na za bei ya mpunga kuanguka. Nilipoinuka kuaga, ndipo akaniuliza, macho yakiwa kwenye ungo:

"Wale wakubwa wenu, uliwaambia habari yangu?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Nilifikiria ukumbi ule, michoro ile, sambusa. "Walisema watalifikiria."

Mama mkwe alicheka kidogo puani, akachota mchele mwingine. Mkamwana hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyepokea jibu lenye uzito, na aliniamini. Nilisimama pale na mkoba wangu begani, nikitafuta kitu cha kuongeza, mpaka bodaboda aliyenileta akapiga honi barabarani na nikalazimika kwenda.